MAJIRANI ZETU: TANGA, MJI WA MKONGE

Kila mwaka ikaribiapo miezi ya likizo napokea barua za watu waulizao ni wapi mtu wa mshahara wa kadiri aweza kwenda na jamaa yake, akaona mambo ya kumwongezea maarifa, naye asirudi nyumbani na deni. Wengi hutaja Mombasa. Mombasa ni mji mwema, lakini walio wengi wanaujua tayari. Leo nataka kuwaongoza ng'ambo kidogo ya mpaka, mpaka Tanga katika nchi ya Tanzania, mji wenye bandari na viwanda, wenye bahari mbele yake na milima nyuma yake. Naamini mkulima na karani kila mmoja atapata fungu lake huko.

Njia si ngumu. Ukiisha kuvuka Likoni, wafuata barabara ya kusini mpaka Lunga Lunga, waonyesha hati zako, wapita Horohoro, kisha zimebaki kilomita 65 tu. Wadigo wakaa pande zote mbili za mpaka, na wakisalimiana huwezi kutambua yupi ni wa Kwale na yupi ni wa Tanga. Mimi nilidhani nitaona nchi ngeni. Nilichokiona kigeni ni shilingi tu.

Mji wenyewe ni wa taratibu. Barabara zake ni pana, miti yake ni ya kivuli, na baiskeli ni nyingi mno. Utawaona wazee wa makamo na kanzu zao wakiendesha polepole kama watu wasiodaiwa. Sehemu ya Ngamiani, ambako ndiko wakaako wenyeji wengi, barabara zake huitwa kwa namba, na mtu akikuelekeza nyumbani kwake atakuambia barabara ya saba au ya kumi na tatu. Kwa sisi tuliozoea kuweka mafaili, mpango huu wapendeza sana.

Lakini ili kuufahamu mji huu hapana budi kuufahamu mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa karibu na Pangani, ikazaa, na katika hiyo 62 likatokea shamba kubwa lililofunika nchi. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo ilipoanza kujengwa reli kutoka Tanga, ambayo ilifika Moshi mwaka 1911. Mkonge ukashuka kwa gari la moshi mpaka bandarini, na nguo na mabati yakapanda bara.

Kazi yake ni kazi hasa. Mmea hukaa yapata miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Majani hukatwa kwa mkono, mmoja mmoja, na mwiba wa ncha yake haumhurumii mtu. Kisha hupelekwa korona, yaani kiwandani, ambako mtambo huyaponda na kutoa nyuzi. Katika kila kilo mia za majani, nyuzi hazizidi sana kilo nne. Walioifanya kazi hiyo zamani waliitwa manamba, maana waliandikwa kwa namba, nao waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda na Urundi, hata Msumbiji. Malipo yao yalihesabiwa kwa kipande cha siku thelathini. Neno hilo wazee wetu wa Kenya walijua kwa maana nyingine, kwa kuwa chao walikivaa shingoni.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani, na hakuna nchi duniani iliyoizidi. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa zimeshuka mpaka karibu tani 20,000. Sababu zake watu hubishana mpaka leo. Wako wasemao ni kamba za nailoni, ambazo zilivunja bei katika masoko ya dunia. Wako wasemao ni serikali kuyachukua mashamba mengi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nayo haikuwa na mabwana shamba wa kutosha wala fedha za kupanda miche mipya. Mimi naona yote mawili yalikutana, na lililouma zaidi ni kwamba mkoa mzima ulisimama juu ya mguu mmoja. Mzee mmoja niliyeketi naye karibu na stesheni, ambaye alifanya kazi ya korona tangu ujana wake, aliniambia kwamba mtambo uliponyamaza yeye alishindwa kulala usiku, kwa sababu masikio yalikuwa yamezoea kelele zake. Maduka yalifungwa, na vijana wakaondoka kwenda Dar es Salaam.

Viwanda vingine navyo vilipata misukosuko. Kile cha mbolea kilichofunguliwa katika miaka ya 1970 hakikudumu. Cha saruji kule Pongwe, kilichoanza mwaka 1980, kilisimama imara, maana chokaa iko chini ya miguu yao. Ni mawe hayohayo yaliyofanya mapango ya Amboni, ambayo mgeni asikose kuyaona. Achukue mtu wa kumwongoza, na asiamini kila aambiwalo kwamba njia ya chini hufika Mombasa.

Kwa mkulima, jambo la kufurahisha ni haya yaliyochipuka baada ya mkonge kuanguka. Wafugaji wadogo, wenye ng'ombe wawili au watatu, walijiunga katika vyama vya ushirika, na maziwa yao hukusanywa na kupelekwa kiwanda cha Tanga Fresh mjini, ambacho wao wenyewe wana hisa ndani yake kwa njia ya ushirika wao. Mkonge nao umeanza kurudi, na safari hii wapo wakulima wadogo waliogawiwa vipande katika mashamba yaleyale ya zamani. Kule Hale hata makapi yaliyokuwa yakitupwa mtoni yalijaribiwa kutoa gesi ya kuzalisha umeme. Na machungwa! Ukila chungwa Mombasa au Nairobi, yamkini limetoka Muheza. Wafanya biashara wetu huenda kuyanunua yangali mtini, na mkulima asiye na gari hukubali bei aliyopewa. Niliona haya kidogo kusikia jinsi wenzetu wanavyotuelezea katika jambo hili.

Milima ya Usambara waiona kutoka mjini siku isiyo na mawingu. Vasco da Gama aliiona pia, mwaka 1498, merikebu yake São Rafael ilipokwama katika mafungu karibu na Tongoni. Wareno wakaiita milima hiyo kwa jina la merikebu yao, na mwaka uliofuata waliporudi wakaichoma merikebu mahali palepale kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa. Kutoka Muheza barabara hupanda mpaka Amani, ambako Wajerumani waliweka chuo cha uchunguzi wa mimea mwaka 1902. Kuna baridi, chai, na msitu wenye mimea isiyoota mahali pengine popote. Ua lile dogo la zambarau ambalo akina mama wa Ulaya huliweka dirishani lilitoka katika nchi hii. Mbegu zake zilipelekwa na bwana Saint Paul, aliyekuwa mtawala wa Tanga, na jina lake likapewa ua.

Chakula chaeleza mji vizuri kuliko mnara wa saa. Asubuhi kuna vitumbua na mbaazi za nazi. Adhuhuri, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Omba bada, yaani ugali wa muhogo, pamoja na kisamvu. Watu wa bara huuogopa kwa rangi yake, kisha huomba tena. Jioni nenda Ras Kazone, ukaoge maji yakijaa, maana yakipwa ni matope matupu. Baadaye tafuta pweza wa kuchoma kwa ndimu na pilipili. Wenyeji wana msemo, Tanga waja leo waondoka leo, nao huusema wakicheka, kwa maana mgeni huendelea kuahirisha safari.

Kwa makarani nakumbusha kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani karibu na mji huu, alikuwa karani wa forodha na wa ofisi nyingine za serikali muda mwingi wa maisha yake, na vitabu vyake aliviandika baada ya saa za kazi. Kaburi lake liko hukohuko Vibambani.

Sasa Tanga wangojea jambo jipya. Mwaka 2016 Uganda ilichagua kupitisha mafuta yake Tanzania badala ya kwetu Kenya, na mwaka 2017 marais wa nchi hizo mbili wakaweka jiwe la msingi. Bomba hilo ni la kilomita 1,443, kutoka Hoima mpaka rasi ya Chongoleani, kaskazini ya ghuba ya Tanga. Na kwa kuwa mafuta yenyewe huganda kama samli, lazima yatiwe moto njia nzima. Bandari nayo imechimbwa mpaka kina cha meta 13, ambapo zamani marikebu kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari.

Lakini bahari hiyohiyo ina samaki aitwaye silikanti, ambaye wataalamu walidhani alikwisha kutoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka alipopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga nao walimnasa katika nyavu zao, na mwaka 2009 pwani hiyo ikafanywa hifadhi.

Nilizungumza na mvuvi mmoja aliyekuwa akiziba ngalawa yake upande ule wa Chongoleani. Mwanawe mkubwa alikuwa amepata kibarua cha ujenzi, na fedha zake zimeezeka nyumba kwa bati. Mdogo bado yuko naye baharini. Nikamwuliza ni yupi kati yao aliyechagua vema. Akaendelea kugonga pamba kwa patasi, kisha akaniambia kwamba yeye anawataka wote wawili wabaki hapo hapo, mmoja nchi kavu na mmoja majini, mpaka aone marikebu ya kwanza ya mafuta ikija na kuondoka, na nyavu zake baada ya hapo zimeleta nini.