Jaji Akimpigia Rais Saluti

Ndugu msomaji, mimi si mwanasheria. Ni mwandishi chipukizi tu, na kazi yangu ni maneno. Ndiyo maana nina ugomvi na neno moja: usalama. Rais akilitamka mbele ya jaji, maswali yamekwisha. Jaji anafunga jalada, anapiga saluti, na anayeilipia saluti hiyo ni mtu aliyesimama mlangoni na begi lake.

Mchezo huu si wa jana. Mchina mmoja, Chae Chan Ping, alikuwa akifanya kazi California tangu 1875. Mwaka 1887 akaenda kwao, mkononi ana hati ya serikali ya Marekani inayomruhusu kurudi. Tarehe 1 Oktoba 1888 sheria mpya ikazifuta hati zote za aina hiyo. Siku saba baadaye meli yake ikafika San Francisco. Akakataliwa kuingia. Mwaka 1889 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba nani aingie nchini ni suala la wanasiasa, na wakishaamua wao, mahakama haina la kuongeza. Yaani karatasi yenye muhuri ikawa ya kufungia karanga!

Mtasema hayo ni ya enzi za mababu. Haya, njooni 2017. Donald Trump, ambaye Desemba 2015 alitaka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani, alikuwa sasa rais. Januari 27 akazifungia mlango nchi saba, Somalia ikiwamo. Wakimbizi wa Kisomali waliokwishafika Nairobi kungoja ndege wakarudishwa Dadaab. Mahakama za chini zikaizuia amri, ikaandikwa upya, na ile ya tatu ikafika Mahakama ya Juu. Juni 26, 2018, majaji watano dhidi ya wanne wakampa rais ushindi. Jaji Mkuu John Roberts aliyataja maneno ya Trump, kisha akayaweka kando: eti amri yenyewe haitaji dini, na sababu ya usalama yatosha. Siku hiyohiyo akailaani hukumu ya Korematsu ya 1944, iliyobariki Wamarekani wenye asili ya Japani kufukuzwa makwao. Jaji Sonia Sotomayor akamjibu kwamba hoja ni ileile. Jamani, kulilaani kosa la babu huku unalirudia, si kiini macho hicho?

Na msidhani ni msiba wa Wasomali peke yao. Januari 2020 Trump akaongeza orodha, na Watanzania tukafungiwa bahati nasibu ya grini kadi, mpaka Joe Biden alipoifuta amri Januari 2021. Washkaji waliokuwa wakiota Majuu, hapo mpo?

Kuna atakayeniambia, "Kijana, jaji hakupigiwa kura, wala hana wapelelezi. Mpaka ni wa serikali." Sikatai. Hakuna anayemtuma jaji akalinde mpaka. Tunamtaka aulize swali moja tu: sababu mliyoiandika ndiyo hasa sababu yenu? Asiyeuliza hilo amejiuzulu kimyakimya, ila mshahara anachukua.

Na kuuliza kunawezekana. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kuifunga kambi ya Dadaab, nayo kwa neno hilihili. Februari 9, 2017, hata wiki mbili hazijapita tangu amri ya kwanza ya Trump, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu jijini Nairobi akasema hapana: uamuzi ni batili, unawabagua Wasomali kwa asili yao. Kambi haikufungwa. Kenya haikuporomoka.

Waandishi wenzangu, neno linalomnyamazisha jaji tusiliruhusu lipite kwenye kurasa zetu bila kupimwa. Kila mkilisikia, ulizeni: usalama wa nani, dhidi ya nani, na ushahidi uko wapi?