Mjukuu wa Chaucer na magurudumu matatu

Kila mwaka darasani tunaambiwa kwamba Geoffrey Chaucer ni baba wa ushairi wa Kiingereza. Ni mara chache tunauliza watoto wake wa damu walimkumbuka vipi. Jibu liko Ewelme, kijiji cha Oxfordshire, kwenye kaburi la mjukuu wake Alice, duchesi wa Suffolk, aliyefariki mwaka 1475. Maoni yangu ni haya: kaburi lile tulisome kama tunavyosoma shairi, kwa maana nalo limetungwa, na mtungaji alichagua la kusema.

Tuanze na ukoo. Baba wa Geoffrey alikuwa muuza mvinyo wa London. Geoffrey akamwoa Philippa de Roet, ambaye dada yake, Katherine Swynford, aliolewa mwaka 1396 na John of Gaunt, mwana wa mfalme Edward III. Hapo mlango ulifunguka. Thomas, mwana wa Geoffrey, alikuwa spika wa bunge mara tano. Alice, binti wa Thomas, aliolewa mara tatu, na kila mara alipanda ngazi. Mume wa kwanza, John Phelip, alifariki mwaka 1415. Wa pili, lodi wa Salisbury, aliuawa katika kuuzingira mji wa Orléans mwaka 1428. Wa tatu, William de la Pole, duke wa Suffolk, aliuawa baharini mwaka 1450. Ukoo wake nao ulianzia kwa wafanyabiashara, wale wa Hull. Mwana wao John akamwoa dada ya mfalme Edward IV. Kutoka kwa muuza mvinyo hadi shemeji wa mfalme, ni vizazi vitano tu.

Sasa tulitazame kaburi. Juu amelala Alice wa alabasta, ana taji kichwani na nishani ya Garter kwenye mkono wa kushoto, na malaika wameshika ngao za ukoo. Chini yake, nyuma ya matundu ya jiwe, kuna sanamu ya maiti yake iliyokonda, na juu ya maiti hiyo kuna picha za watakatifu ambazo huzioni mpaka ulale sakafuni. Kando yake wamezikwa wazazi wake, na kaburi lao limezungushiwa ngao za jamaa wakubwa. Nembo aliyoichagua Thomas ni magurudumu matatu ya ukoo wa mama yake. Sisi tunaojua Kifaransa tunausikia mchezo wa maneno mara moja: Roet, roue. Ukoo uliounganishwa na wafalme ndio uliopewa sauti. Mashairi hayakuwa na ngao.

Mwenzangu mmoja alinipinga: si dharau, alisema, kila mtu wa zama zile aliweka mbele upande wenye cheo. Tena Alice hakuwa adui wa vitabu. Orodha ya vitabu vyake ya mwaka 1466 ina vya Kifaransa, Kilatini na Kiingereza, na kimojawapo ni cha Christine de Pizan. Pamoja na mumewe, mwaka 1437, alianzisha Ewelme nyumba ya kutunza maskini kumi na tatu, na shule. Nakubali yote hayo. Simshtaki Alice. Nasema tu kwamba kumbukumbu huhesabu kwa hesabu ya siku yake, na hesabu hiyo inaweza kukosea.

Ilikosea vibaya. Undugu na wafalme ndio uliowamaliza watu wake. Mjukuu wake John aliuawa vitani Stoke mwaka 1487. Edmund alikatwa kichwa mwaka 1513. Richard aliuawa Pavia mwaka 1525. Na kaburi la Geoffrey linaloonekana leo Westminster lilijengwa mwaka 1556 na Nicholas Brigham, mpenzi wa mashairi ambaye hakuwa wa ukoo wake. Leo wageni wengi wanaokwenda Ewelme humtambulisha Alice kwa jina ambalo ngao zake hazikulitegemea: mjukuu wa Chaucer.

Naandika haya kwa sababu ni msimu wa kazi za mwisho wa masomo, na kila mmoja wetu anaandaa ukurasa wa shukrani. Katika rasimu yangu, mjomba mwenye cheo alikuwa mstari wa kwanza. Bibi yangu, aliyenifundisha kusimulia kabla sijajua kusoma, hakuwamo. Nimeurudia ukurasa huo. Nawaomba waalimu wetu nao, wanapofundisha Chaucer, watupeleke Ewelme kwa picha walau saa moja, watuulize: nani yumo, nani hayumo, na nani alilipa mchongaji?