Kaske ya moto: ndiyo ya mudomo, hapana ya kichwa

Ukiuliza watu wa Bunia, Butembo ao Uvira kama kuvaa kaske ku moto ni muzuri, wengi watakujibu ndiyo. Motari naye atakujibu ndiyo. Lakini simama kidogo ku barabara kubwa na uhesabu: wamotari wenye kuvaa ni wachache, na kliya wa nyuma karibu hakuna. Kwa nini?

Haiko kukosa habari. Uchunguzi mingi iliyokusanywa pamoja ilionyesha kama kaske inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42%, na ya kuumia kichwa kwa karibu 69%. Na kila avenue inajua mutu mwenye aliangukaka.

Shida ni imani. Sheria yetu ya barabara, namba 78-022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwanainchi haisome, anaionea kwa polisi wa barabara. Akikamatwa bila kaske, akitoa franka bila kupewa karatasi ya malipo, anajiambia: hawa wanatafuta makuta, hawalinde kichwa changu. Kesho anapita njia ingine, ao anafunga kaske ku moto na kuivaa tu akiona polisi. Na mwenye kuvaa uniforme akipita bila kaske, bila mutu kumusimamisha, sheria imekufa palepale.

Watu wa Goma na Bukavu wenye kuvukaka mupaka wanajua: kule Gisenyi na Cyangugu, kliya anapewa kaske mbele moto iondoke. Mukongomani akifika kule anavaa bila mabishano. Basi haiko desturi yetu njo inakataa kaske.

Ili wanainchi waunge mukono, amande ilipwe ku banki ao ku simu, na karatasi itoke. Polisi na askari wavae wa kwanza. Meri na vyama vya wamotari wapatane siku ya kuanza, juu kununua kaske ya pili ni makuta ya siku mingi za kazi. Na kliya mwenye kuogopa uchafu, abebe kitambaa chake cha kufunika kichwa.

Sisi nasi tuulize mbele ya kupanda: "Kaske yangu iko wapi?" Polisi hawezi kuwa ku kila kona. Kliya, yeye, iko ku kila moto.