Deni la msomi wa sanaa na kipimo cha mshahara

Kila mwaka, majira ya kuomba mikopo ya elimu ya juu yanapowadia, hurudi swali lile lile majumbani na maofisini: je, yafaa kijana akope mamilioni ya shilingi ili asome historia, lugha, jiografia au elimu ya jamii, ilhali mshahara unaomngoja ni mdogo, na pengine ajira yenyewe haipo? Wanaouliza si wajinga. Wengi wao ni wazazi waliokwisha kuona hati za mishahara za watoto wa jirani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme mwalimu wa shahada ana mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 kwa mwezi na deni la shilingi 10,000,000. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inataka akatwe asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 105,000 kila mwezi. Deni litamchukua karibu miaka minane. Ukiongeza asilimia 5 ya pensheni na asilimia 3 ya bima ya afya, takriban robo ya mshahara imekwisha kuondoka kabla kodi haijatajwa, wala kodi ya nyumba, wala wadogo zake wanaosubiri ada.

Mtu mwenye mshahara wa shilingi 3,000,000 hukatwa asilimia hiyo hiyo. Deni kama hilo atalimaliza kabla ya miaka miwili kupita, na kila mwezi atabakiwa na zaidi ya milioni mbili na nusu kabla ya makato mengine. Asilimia ni moja, lakini uzito si mmoja. Mmoja anakatwa akiba, mwingine anakatwa chakula.

Kutokana na hesabu hiyo wapo wanaohitimisha kwamba shahada ya sanaa ni hasara, na kwamba fedha za umma zielekezwe kwenye uhandisi, tiba na sayansi peke yake. Hapa ndipo hoja inapopotoka. Katika nchi hii mwajiri mkubwa wa msomi wa sanaa ni Serikali. Ndiyo inayomwajiri mwalimu wa Kiswahili, ofisa maendeleo ya jamii, ofisa utamaduni na mtunza nyaraka. Serikali ndiyo inayopanga ngazi za mishahara yao, inayotoa vibali vya ajira, inayotoa mkopo na inayoukusanya. Basi inaposemwa kwamba masomo ya sanaa hayalipi, yapasa ieleweke kwamba anayelipa ni yule yule anayedai. Mshahara mdogo wa mwalimu ni uamuzi, nao hauna budi kujadiliwa kama uamuzi mwingine wowote.

Tena vijana hawa waliitwa. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi kuanzia mwaka 2004, ilionekana wazi kwamba hapakuwa na walimu wa kuzitosha. Mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa, Iringa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili pengo lizibwe. Wengi walioingia vyuoni walitoka katika shule hizo hizo za kata, ambako maabara lilikuwa jengo lisilokwisha na mwalimu wa fizikia alikuwa jina tu kwenye ratiba. Kumwambia mtoto wa shule ya namna hiyo kwamba alichagua vibaya ni kumdhihaki. Baada ya miaka kumi hivi, walimu wa sanaa wakaonekana kuwa wamezidi sekondari, na kati ya 2016 na 2017 wengine wakahamishiwa shule za msingi, huku waliohitimu nyuma yao wakikaa nyumbani kungoja ajira.

Suala la msomi kulirudishia Taifa si geni. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewafanya wapate asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Hukumu ile ilikuwa kali, lakini aliyeitoa alianza kwa kujikata mwenyewe. Siku hizo deni lililipwa kwa utumishi, na kazi ilikuwa ikimngoja kila mhitimu. Uchangiaji wa gharama ulipoingia katika miaka ya 1990, na Bodi ilipoanza kazi Julai 2005, deni likawa la fedha, ila uhakika wa kazi ukawa umetoweka.

Haki yataka isemwe pia kwamba mambo kadhaa yamerekebishwa. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni likue hata mdaiwa akilipa, iliondolewa mwaka 2021. Lakini asilimia 15 ingalipo, na mwaka 2016 iliwaangukia hata waliokopa wakati makato yakiwa asilimia 8. Nchini Uingereza mdaiwa hukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango fulani, na aliye chini ya kiwango hicho hakatwi, ingawa deni lake huzaa riba. Kuiga utaratibu huo mzima hapa kungekuwa na gharama: marejesho ya leo ndiyo mkopo wa mwanafunzi wa kesho, na mfuko ukisinyaa atakayeachwa nje ni mtoto wa mkulima.

Ipo njia ya kati. Mwalimu wa mfano ule akikatwa asilimia 8 kwa miaka mitatu ya mwanzo, anapotafuta kitanda na sufuria, kisha asilimia 15 baada ya hapo, deni lake litachelewa kwa takriban miezi 17 tu. Mfuko hautafilisika kwa hilo. Naye kijana wa kidato cha sita aelezwe kabla hajatia saini ni nafasi ngapi za ajira zilitangazwa mwaka uliopita katika fani yake na waombaji walikuwa wangapi. Takwimu hizo zimo katika ofisi za Serikali. Kuzibandika kwenye ubao wa matangazo wa kila shule hakuhitaji sheria mpya.