Mtu Mzima na Kiingereza

Wengi hudhani kuwa mtu mzima hawezi tena kujifunza Kiingereza. Mimi sikubali. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wengi walishika kalamu. Kinachomshinda mzee si akili, ni kuona haya: akichanganya “he” na “she” huchekwa, na kumbe Kiswahili chatosheka na “yeye”. Basi yafaa afundishwe peke yake, tena kwa maneno ya kazi yake. Dereva wa lori apitaye hapa Visiga kwenda Zambia aanze na mizigo, breki na hati za mpakani, si hadithi za watoto. Nasi vijana tumwamkie kwanza, ndipo tumsahihishe. Shikamoo haipunguzi ualimu.