Programu yangu ilimpa binti yangu kumi kwa kumi, kumbe hasomi

Nimepotea wiki kadhaa na wengine mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nimekuwa mwalimu wa gredi ya kwanza, darasa la mwanafunzi mmoja, kwenye meza ileile ninayoandikia programu za watu.

Binti yetu ana miaka sita. Mwaka jana alikuwa akirudi kutoka shule yake (sitaitaja) na daftari lililojaa sentensi za Kiingereza alizonakili ubaoni kwa mwandiko safi kuniliko mimi. Jioni moja nilimwonyesha neno moja katikati ya sentensi, nikamwuliza linasemaje. Akasoma sentensi nzima kutoka mwanzo. Nikaonyesha neno lingine. Akasoma sentensi ileile. Alikuwa amekariri ukurasa wote na hakujua neno hata moja. Mama yake na mimi tulizozana karibu wiki mbili, kisha tukakubaliana kumfundisha nyumbani kwa muda. Siwashauri mfanye hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na kila jirani akiuliza "leo hakuna shule?" tumbo hunicheza.

Kama mnavyonijua, sikuanza na kitabu. Nilianza na msimbo.

Kiswahili ni lugha tamu kwa mwanaprogramu. Hakina q wala x, na c haitembei bila h. Unabaki na konsonanti 25 ukihesabu ch, sh, th, dh, gh, ny na ng' (kh nimeiacha). Zidisha kwa irabu tano, una silabi 125. Mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwenzake, na skrini inajaa ba be bi bo bu mpaka za ze zi zo zu. Mtoto akizijua hizo anaweza kusoma maneno mengi ambayo hajawahi kuyaona. Kiingereza hakikupi raha hiyo: herufi o-u-g-h zina sauti moja katika cough na nyingine kabisa katika though, na huyo mtoto ndiye tunayemwanzishia huko.

Furaha yangu ilidumu siku tatu. Kwanza ikaja ng'. Ritifaa ya ng'ombe ndiyo ileile inayofunga maandishi katika lugha niliyokuwa nikitumia, kwa hiyo ng'ombe wa kwanza kuingia kwenye orodha aliiangusha programu yote. Hilo lilitibika. Ila m ilinishinda. Mbuzi ni mbu-zi, silabi mbili. Mbunge ni m-bu-nge, silabi tatu, kwa sababu ile m ni kiambishi, wingi wake wabunge. Kwenye herufi tofauti hiyo haionekani. Nilikaa na sheria zangu mpaka saa saba usiku. Asubuhi nikamwomba binti yangu apige makofi kwa kila silabi: mbuzi, makofi mawili, mbunge, matatu. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa nayo sikioni tangu anaanza kusema, na ndiyo sababu naamini mtoto aanze kusoma kwa lugha anayogombana nayo na wenzake uani. Hiyo nyingine itakuja.

Basi nikatengeneza mchezo. Picha moja, maneno matatu, gusa lililo sahihi, nyota inaruka. Wiki nzima alipata kumi kwa kumi. Nilijivuna hata nikamwonyesha mwenzangu kazini, naye akasema tuipake rangi tuiuze.

Kisha mama yangu akaja kututembelea kutoka nyumbani. Aliketi karibu na mjukuu wake, akatazama nyota zinavyoruka, akauliza, "Na hapo pameandikwa nini?" Mtoto akamjibu, "Sijui, nyanya. Nagusa ya juu."

Nilikuwa nimesahau kuchanganya majibu. Jibu sahihi lilikuwa la kwanza kila mara. Miaka yote ya shahada na kazi, na kasoro inagunduliwa na mtoto aliyekosa meno mawili ya mbele, tena akanyamaza kwa sababu ilimlipa nyota. Nikarekebisha siku hiyohiyo. Alama zikashuka, kisha zikapanda tena hadi nane. Safari hii alikuwa akitazama herufi ya kwanza tu na kubahatisha zilizobaki.

Najua baadhi yenu mnatengeneza programu za watoto na mtanikasirikia, lakini nimeacha kuamini alama hizo. Mtoto hujifunza kile kinacholeta nyota. Nyota yangu ilikuja kwa kugusa mahali, akajifunza kugusa mahali.

Mama yangu aliacha shule darasa la tatu, na safari hiyo alikuwa amesahau miwani. Alitaka kusikia hadithi. Mimi nilikuwa nimepakua vitabu kutoka African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ambao umekuwa ukitoa hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika tangu 2014, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria inayokuruhusu kuchapisha na kutafsiri. Nilivichapisha kwenye saiba ya mtaani, nikavikunja na kuvibana kwa pini. Mtoto akaanza kumsomea nyanya yake, polepole, kidole chini ya neno. Akafika mahali akasoma, "Kuku akameza mbuzi." Mama yangu akacheka mpaka akashika ubavu. "Kuku gani huyo wa kumeza mbuzi? Hebu tazama tena." Mtoto akatazama tena. Mbegu. Mara ya kwanza nilimwona akirudi kwenye neno kwa hiari yake, herufi kwa herufi, kwa sababu kulikuwa na mtu anayetaka kujua kuku alimeza nini.

Mchezo wangu ungepiga kengele na kuendelea.

Tunazungumza sana juu ya kufikisha vitabu, na ni haki yetu. Huduma ya Taifa ya Maktaba iliundwa 1965, na mwaka 1996 ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kule Garissa. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kitabu kikishafika, nani anaketi amsikilize mtoto? Mtaniambia wazazi wengi hurudi saa tatu usiku, na wengine hawajui kusoma. Kweli. Mama yangu naye bila miwani hakuona hata herufi moja ya ule ukurasa, na bado alilipata kosa.

Sisemi nyumbani kwetu ni peponi. Binti yangu anakosa wenzake wa kuruka kamba, na Kiingereza cha mitihani kinatusubiri. Huenda Januari akarudi darasani. Mama yake tayari anaulizia shule nyingine, nami sipingi kama nilivyopinga zamani.

Mchezo nimeufuta, nyota na kila kitu. Nimebakiza sehemu ndogo inayochukua hadithi na kuichapisha kwa herufi kubwa, silabi zikiwa zimetenganishwa. Tatizo la m nimelimaliza kwa orodha ya mkono, maneno arobaini hadi sasa, na mhariri wake ni yule anayepiga makofi.

Mama yangu amesharudi nyumbani. Kila jioni saa mbili anapiga simu yake ya vibonye, tunaweka sauti juu, na mtoto anamsomea. Jana walikuwa kitabu cha nane. Simu ikakatika ukurasa wa mwisho. Nyanya akapiga tena, na hata salamu hakutoa: "Enhe, fisi akafanyaje?"