Ituri: Upinde wa Waefe usihesabiwe pamoja na bunduki

Katika msitu wa Ituri mnyama anauawa kwa mshale, kwa wavu, kwa mtego wa waya ao kwa risasi. Akifika sokoni Mambasa ao Beni amekwisha kukatwa na kukaushwa kwa moshi, na hakuna mnunuzi anayeuliza alikufa namna gani. Ni nyama ya pori, basi. Hapo ndipo shida inapoanzia, sababu wanaosema juu ya uwindaji, hata viongozi, wanaongea kama vile vyombo hivyo vyote ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Waefe, ambao wanaishi jirani na Walese kaskazini na mashariki ya msitu huo, wanajulikana kwa upinde, wakati Wambuti walio karibu na Wabila wanatumia zaidi nyavu. Upinde wa Mwefe ni mfupi. Mtu asiyejua anaweza kuuona kama mchezo wa mtoto, lakini katika pori ambamo miti imebanana na macho hayafiki mbali, upinde mrefu ungekwama kila hatua mbili. Kamba yake si uzi wa dukani, ni ukanda uliopasuliwa kutoka utembo wa msituni. Ikikatika, mwenyewe anatafuta mwingine palepale. Kwenye mkono wa kushoto anavaa kinga ya ngozi ya nyani ili kamba isimchape. Mishale ni ya aina mbili: ya chuma kwa mboloko na wanyama wengine wa chini, na ya mti mtupu iliyopakwa sumu ya mimea kwa nyani walio juu ya miti. Chuma chenyewe kinatoka kwa jirani mkulima, ambaye naye anasubiri nyama. Wakienda kwa kundi, kwa uwindaji wanaouita mota, mbwa wanafungwa kengele ya mti shingoni ili wapiga mishale wasikie mnyama anasukumwa upande gani.

Kule Marekani, mtu anayetaka kuwinda kwa upinde anaingia dukani. Huko kuna upinde wa magurudumu, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hati yake ya uvumbuzi mwaka 1969. Magurudumu yaliyo kwenye ncha zake yanabeba sehemu kubwa ya uzito wakati kamba imevutwa hadi mwisho, kwa hiyo mwindaji anaweza kusubiri na kulenga bila mkono kutetemeka. Juu yake anaongeza kilengeo, kifaa cha kuachilia kamba, podo la kufunga pembeni. Duka linampima urefu wa mikono kwanza, maana upinde usiolingana na mwili wake utamharibia kila mshale. Hilo Mwefe analijua bila duka: anachonga wake kwa kipimo chake mwenyewe. Lakini ule wa magurudumu kamba yake ikikatika porini, siku imekwisha. Unahitaji mashine ya kuubana na fundi wa kuufunga. Kwa Ituri, teknolojia hiyo ingekuwa pambo la ukutani.

Kwa nini maelezo haya yote ya kamba na ngozi? Sababu ndani yake ndimo hoja ilimo. Upinde unamlazimisha mwindaji kusogea karibu, kumwona mnyama, kujua ni mboloko ama ni okapi, kisha kuchagua. Waya hauchagui. Unaotegwa leo unakamata mwenye mimba, mtoto, okapi, na kama mwenye mtego amechelewa siku tatu, nyama inaoza pale na anategesha tena. Bunduki ya kalibre 12 inachagua, ndiyo, lakini kartushi ni pesa, na mwenye kulipa pesa anataka mnyama mkubwa wa kuuza. Bunduki ya kivita ni mbaya zaidi. Epulu hawajasahau tarehe 24 Juni 2012, wakati wanamgambo wa Morgan waliposhambulia kituo cha hifadhi: watu waliuawa, na okapi 14 waliokuwa wanatunzwa pale walikufa kutokana na shambulio hilo. Hakuna aliyefika na mshale siku ile.

Ni kweli, upinde nao si malaika. Mishale mingi kwa ajili ya soko la mji itamaliza mboloko vilevile, polepole. Tena kuna wafanyabiashara wanaompa Mpigmee bunduki na kartushi, yeye anatembea usiku, wao wanachukua nyama na kumwachia kichwa na matumbo. Akishikwa, jina lake ndilo linaloandikwa. Anayetetea upinde bila kusema hayo anadanganya wasomaji.

Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Si mbuga tupu: watu wanaishi ndani, na uwindaji wa asili kwa ajili ya chakula ulikubaliwa nje ya sehemu ya katikati, ambayo haiguswi. Upande mwingine, sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, karatasi ambayo mtu wa kambi ya msituni hana pa kuitafuta. Kisha ikaja sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya Wapigmee wenyeji asilia, inayotambua haki zao juu ya ardhi na mali ya msitu wanamoishi. Sheria mbili, moja ya zamani na moja mpya, na katikati yao garde aliye kwenye bariere anayeamua peke yake akiona mtu na podo begani.

Kinshasa na Bunia wanapaswa kumtoa garde huyo katika kubahatisha. Andiko moja la kutekeleza sheria ya 2022 lingetosha, likitaja upinde na wavu kwa majina yao, likisema wanyama gani, sehemu gani ya msitu na majira gani, bila malipo kwa anayewinda kwa ajili ya kambi yake. Waya na kartushi zitafutwe pale zinapouzwa, katika maduka ya miji na kwenye magari yanayopita barabara ya Mambasa, kabla hazijaingia porini. Na anayekamatwa na bunduki aulizwe kwanza ni ya nani.